Janga la Maradhi na Vifo vya Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu korona ilipoenea duniani mwaka 2020, watu wengi wameamini kwamba msiba ule ulileta angalau nafuu moja, yaani kupungua kwa ajali, kwa kuwa magari yalikaa nyumbani. Majibu yafuatayo yanaonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa kweli katika baadhi ya nchi, lilikuwa kinyume kabisa katika nchi nyingine, na kwamba sababu za tofauti hiyo zinaeleweka.

Je, ni kweli kwamba korona ilipunguza vifo vya barabarani?

Katika nchi nyingi vilipungua, walau mwaka 2020. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipoteza watu wapatao 18,800 barabarani mwaka huo, pungufu ya asilimia 17 ikilinganishwa na mwaka 2019. Ufaransa, ambako wakati wa zuio kali mtu hakuruhusiwa kutoka nje bila karatasi inayoeleza sababu ya safari yake, ilishuka kutoka vifo 3,244 hadi 2,541. Japani ilihesabu vifo 2,839, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi hiyo kuwa chini ya 3,000 tangu takwimu za nchi hiyo zilipoanza kuwekwa mwaka 1948.

Marekani mambo yalikwenda kinyume: vifo viliongezeka mwaka ule ule ambao watu walisafiri kidogo kuliko kawaida. Kenya nayo ilimaliza mwaka 2020 ikiwa na vifo vingi kuliko mwaka uliotangulia, licha ya kafyu.

Inawezekanaje magari yapungue halafu watu wafe zaidi?

Mfano wa Marekani ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu takwimu zake ni nyingi na zinapatikana kwa mapana. Aprili 2020 umbali uliosafiriwa kwa magari nchini humo ulipungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganishwa na Aprili ya mwaka uliotangulia, na kwa mwaka mzima upungufu ulikuwa karibu asilimia 11. Hata hivyo vifo vilipanda kutoka zaidi ya 36,000 mwaka 2019 hadi takriban 39,000 mwaka 2020, kisha vikavuka 43,000 mwaka 2021, idadi ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 2005. Ukipima kwa kila maili milioni 100 zilizosafiriwa, vifo vilikuwa 1.11 mwaka 2019 na vikawa 1.34 mwaka uliofuata, maana yake hatari ya kila maili iliyoendeshwa iliongezeka kwa karibu moja ya tano.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Foleni, pamoja na kero zake zote, ni kidhibiti mwendo ambacho hakuna fundi wa gereji anayeweza kukichezea. Foleni ilipotoweka, dereva aliyezoea kutambaa kwa kilomita 20 kwa saa alijikuta na njia nne zilizo wazi mbele yake, na wengi walikanyaga mafuta. Polisi wa London walimnasa dereva akienda maili 134 kwa saa mahali ambapo kikomo ni maili 40. Mwendo wa namna hiyo hauongezi hatari kwa kiasi kile kile unavyoongezeka wenyewe, kwa sababu nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati zaidi kwa asilimia 56 kuliko gari hilo hilo likienda kilomita 80. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Ndiyo maana mwaka 2020 ajali zenyewe zinaweza kuwa zilipungua huku vifo vikiongezeka. Magari yaligongana mara chache, lakini yalipogongana, watu hawakupona.

Sababu ya pili inahusu ni nani aliyebaki barabarani. Wafanyakazi wa ofisini walifanyia kazi nyumbani na wazee walijifungia kwa kuogopa ugonjwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya waliokuwa wakipunguza wastani wa hatari waliondoka. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, zinaonyesha kwamba vifo vilivyohusishwa na mwendo kasi viliongezeka kwa takriban asilimia 17 mwaka 2020, na vile vilivyohusishwa na ulevi wa dereva, pamoja na vya abiria na madereva wasiofunga mkanda, viliongezeka kwa karibu asilimia 14 kila kimoja.

Sababu ya tatu ni usimamizi wa sheria. Polisi walihamishiwa kwenye kazi za kusimamia makatazo ya korona, wengine waliugua, na waliobaki walihofia kusogeza uso kwenye dirisha la gari la mtu wasiyemjua. Katika baadhi ya majimbo ya Australia vituo vya kupima ulevi wa madereva vilisimamishwa Machi 2020 kwa kuhofia maambukizi. Dereva hahitaji tangazo ili ajue kwamba tochi, yaani kifaa cha askari cha kupima mwendo, haipo; atapita mara mbili bila kusimamishwa, na mara ya tatu atakuwa amekwisha kujua.

Si kawaida kwamba uchumi ukiyumba ajali hupungua?

Ni kawaida, na ndiyo maana mwaka 2020 uliwashangaza watafiti. Marekani ilipopatwa na mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, vifo vya barabarani vilishuka kutoka 41,259 mwaka 2007 hadi 33,883 mwaka 2009. Uchumi unapoyumba, safari za kwanza kufutwa ni zile za starehe, za usiku na za vijana wasio na kipato, ambazo ndizo zenye hatari kubwa. Korona ilifuta kwanza safari za asubuhi za kwenda kazini, zinazofanywa na watu waliokwisha kuamka vizuri, katika foleni, kwa mwendo mdogo. Kwa maneno mengine, safari zilizoondolewa zilikuwa zile zilizokuwa salama zaidi.

Kwa nini basi Ulaya haikufanana na Marekani?

Makatazo ya Ulaya yalikuwa makali zaidi na yalizifikia pia safari za starehe na za usiku, na katika nchi nyingi kamera za mwendo ziliendelea kufanya kazi bila kujali nani anaumwa. Pamoja na hayo, dalili ile ile ilionekana hata huko. Uingereza, Wales na Skoti zikichukuliwa kwa pamoja, msongamano wa magari ulipungua kwa asilimia 21 mwaka 2020, lakini vifo vilipungua kwa asilimia 17 tu, kutoka 1,752 hadi 1,460. Waendesha baiskeli ndio walioumia zaidi: waliokufa walikuwa 100 mwaka 2019 na 141 mwaka 2020, kwa kuwa watu wengi walikimbilia baiskeli ili wakwepe mabasi.

Hali ilikuwaje Afrika Mashariki?

Kila nchi ilichagua njia yake, kwa hiyo eneo hili ni kama jaribio ambalo hakuna aliyelipanga.

Uganda ilichukua hatua kali kuliko majirani zake wengi. Mwishoni mwa Machi 2020 usafiri wa umma ulipigwa marufuku, na siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa, isipokuwa yale yenye kibali. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, na hazikuruhusiwa kupakia abiria hadi mwishoni mwa Julai. Kwa mujibu wa polisi, vifo vilishuka kutoka 3,880 mwaka 2019 hadi 3,663 mwaka 2020. Huo ni upungufu wa chini ya asilimia 6 katika mwaka ambao nchi ilikaa wiki nyingi bila teksi wala basi, jambo linaloonyesha jinsi miezi iliyobaki ilivyofidia kwa haraka. Mwaka 2021, ingawa kulikuwa na zuio jingine la siku 42 kuanzia Juni, vifo vilifika 4,159.

Kenya haikufunga nchi nzima. Iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi 2020, kwanza kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na tangu Aprili hadi mwanzoni mwa Julai ikazuia watu kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, na baadaye Mandera. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba 8. Vifo havikupungua: kutoka takriban 3,600 mwaka 2019 vilikaribia 4,000 mwaka 2020, na mwaka 2021 vikapita 4,500. Kwa maoni yangu, maelezo yake yamo katika orodha ya wanaokufa. Wengi ni watembea kwa miguu na watu wa bodaboda, ambao hufa karibu na nyumbani, kwenye barabara kuu inayokatiza soko au kitongoji. Kizuizi cha polisi mpakani mwa kaunti hakikubadilisha chochote kwa mama anayevuka barabara kwenda kuuza mboga. Malori ya mizigo nayo yaliendelea kutoka bandarini usiku na mchana, kwa sababu chakula na dawa havikuweza kusimama.

Tanzania haikuwazuia watu kutembea. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, zikaanza kufunguliwa Juni, na kwa muda daladala za Dar es Salaam zilitakiwa kubeba abiria waliokaa tu, kwa utaratibu ambao kila konda aliuita level siti. Mabasi ya mikoani yaliendelea na safari. Kwa hiyo anayetafuta athari ya zuio la kutotoka nje katika takwimu za Tanzania hataikuta, kwa kuwa zuio lenyewe halikuwapo.

Je, kafyu inaokoa maisha barabarani?

Inaokoa, ila si kwa wakati wote wa saa 24. Saa za usiku ndizo zenye ulevi, usingizi na giza, na barabara nyingi za Afrika Mashariki hazina taa nje ya miji. Ukiwaondoa watu barabarani saa hizo, vifo vya saa hizo vitapungua.

Tatizo ni muda mfupi kabla ya kafyu kuanza. Fikiria kituo cha matatu katikati ya Nairobi saa kumi na moja na nusu jioni mwezi Aprili 2020: abiria ni wale wale wa kila siku, viti vimepungua karibu nusu, nauli imepanda, na kila aliye kwenye foleni anajua kwamba ikipita saa moja usiku anaweza kupigwa rungu. Dereva anataka kupeleka abiria, kurudi kuchukua wengine na kulaza gari kabla ya muda. Bodaboda inayopita na nafasi moja inageuka kuwa wokovu. Mwendo wa safari ya namna hiyo hauamuliwi na kibao cha barabarani.

Usimamizi wa kafyu wenyewe pia unaweza kuwa hatari. Tarehe 17 Aprili 2021, kafyu ya Nairobi ilipokuwa imerudishwa hadi saa mbili usiku, polisi walifunga Barabara ya Thika ili kuwanasa waliochelewa, na magari mengi yakakwama usiku, yakiwamo ya kubeba wagonjwa. Kafyu inayoanza saa ambayo watu bado wako njiani kurudi nyumbani huwaadhibu walio kazini kuliko walio baa.

Marufuku ya pombe nchini Afrika Kusini ilithibitisha nini?

Ilithibitisha mengi, lakini si yote yanayodaiwa. Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kuanzia tarehe 27 Machi 2020, ikaruhusu tarehe 1 Juni, ikapiga marufuku tena tarehe 12 Julai, ikaruhusu katikati ya Agosti, kisha ikafunga tena tarehe 28 Desemba. Sababu iliyotajwa waziwazi na serikali ilikuwa kuokoa vitanda vya hospitali, ili majeruhi wa ajali na wa ugomvi wasigombee nafasi na wagonjwa wa korona.

Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 2020, Waziri wa Uchukuzi Fikile Mbalula alitangaza vifo 28 barabarani, ilhali Pasaka iliyotangulia ilikuwa na vifo 162. Tofauti hiyo ni kubwa mno, lakini haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya marufuku ya pombe peke yake, kwa sababu safari kati ya jimbo na jimbo nazo zilikuwa zimepigwa marufuku, na Pasaka ya kawaida nchini humo ni wakati wa mamilioni ya watu kusafiri. Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Juni na Julai. Pombe iliporudi, watu wakiwa bado wamewekewa masharti mengine, wodi za majeruhi zilijaa tena, na zilipungua pombe ilipofungwa upya. Hata hapo kafyu ya saa tatu usiku ilitangazwa siku ile ile, kwa hiyo mambo mawili hayatenganishiki kabisa. Anayesema kwamba pombe haikuhusika anapuuza mfululizo huo wa kupanda na kushuka, na anayesema kwamba pombe ndiyo kila kitu anasahau kuwa nchi yenye marufuku ya kusafiri si nchi ya kawaida.

Bodaboda zilihusika vipi?

Kwa njia tatu. Abiria walioogopa kubanana ndani ya basi, au walioshindwa kupata nafasi kwa kuwa viti vilipunguzwa, walihamia kwenye pikipiki. Vijana waliopoteza kazi hotelini na kwenye utalii walichukua pikipiki za mkataba wakaingia barabarani na uzoefu mdogo, huku deni la kila siku likiwasukuma kufanya safari nyingi zaidi. Na abiria wengi walikataa kuvaa kofia ngumu ya kushirikiana kwa kuhofia kwamba aliyeivaa kabla yao alikuwa na ugonjwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, ila ilikuwa na gharama, kwa sababu kofia ngumu iliyovaliwa vizuri ni kinga kubwa sana dhidi ya jeraha la kichwa, ambalo ndilo linaloua zaidi katika ajali za pikipiki. Kitambaa cha kuvaa chini ya kofia hiyo, au kofia ngumu ya abiria mwenyewe, ingetosha kuondoa hofu hiyo.

Majeruhi walipofika hospitali, janga liliwaathiri vipi?

Majeruhi wa ajali anahitaji vitu vitatu kwa haraka: usafiri, damu na daktari wa upasuaji. Usiku wa kafyu, jamaa wenye gari walisita kumpeleka mgonjwa kwa kuogopa vizuizi. Damu nayo ilipungua kwa sababu ambayo wengi hawakuitarajia: katika nchi nyingi za Afrika wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari, na shule zilipofungwa magari ya kukusanya damu yalikosa pa kwenda. Vyumba vya wagonjwa mahututi na oksijeni, ambavyo mtu aliyeumia kichwa au kifua huvihitaji, vilikuwa vikisubiriwa na wagonjwa wa korona.

Kwa hiyo jeraha lile lile linaweza kuua mwaka wa janga na lisiue mwaka wa kawaida, na kifo hicho kitaandikwa katika daftari la ajali bila kutaja janga.

Mtu aliyekufa ajalini akakutwa na virusi, anahesabiwa wapi?

Kwenye ajali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Aprili 2020 ulieleza kwamba kifo chenye sababu nyingine iliyo wazi, mfano jeraha, hakihesabiwi kuwa kimesababishwa na korona.

Je, takwimu hizi zinaaminika?

Zinaaminika kwa kiasi tofauti. Takwimu za polisi hutegemea ajali iliyoripotiwa, na majeruhi anayefia hospitali wiki mbili baadaye anaweza asiingizwe, ingawa kanuni ya kimataifa ni kuhesabu vifo vyote vinavyotokea ndani ya siku 30. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965, lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria 13,463. Tanzania iliripoti 3,256 na makadirio yakawa 16,252. Pengo likiwa kubwa hivyo, badiliko la asilimia 5 kati ya mwaka na mwaka linaweza kuwa ni badiliko la uandikishaji tu, hasa katika mwaka ambao askari wa trafiki walipewa kazi nyingine. Ndiyo sababu mwelekeo wa miaka kadhaa una uzito kuliko mwaka mmoja.

Baada ya janga, vifo vilirudi kama zamani?

Ulaya vilipanda lakini havikufika pale vilipokuwa: Umoja wa Ulaya ulihesabu takriban 20,400 mwaka 2023, chini ya 22,800 za mwaka 2019. Marekani vilianza kushuka baada ya 2021, ila mwaka 2023 bado vilikuwa karibu 41,000. Uganda vilipanda mfululizo hadi zaidi ya 4,800 mwaka 2023. Tabia zilizozaliwa kwenye barabara tupu hazikuondoka foleni ziliporudi, na pikipiki zilizonunuliwa wakati wa janga zilibaki barabarani.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 mwaka 2021, na katika kanda ya Afrika vilikuwa vimeongezeka kwa asilimia 17 tangu mwaka 2010. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeazimia, katikati ya janga lenyewe mnamo Agosti 2020, kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Serikali ijiandae vipi kwa janga lijalo?

Jambo la kwanza ni kutowaondoa askari wa trafiki wote barabarani kwa hoja kwamba magari yamepungua, kwa sababu huo ndio wakati mwendo unapanda. Kamera na tochi zinazopima kwa mbali hazimweki askari karibu na pumzi ya dereva, kwa hiyo fedha za kuzinunua zinafaa kutafutwa kabla ya ugonjwa kuingia. Matuta karibu na masoko na shule hufanya kazi hata askari wakiwa karantini.

Kafyu ikilazimu, ianze baada ya watu wa kazi kufika nyumbani, na idadi ya safari za mabasi iongezwe pale idadi ya viti inapopunguzwa, vinginevyo abiria watahamia kwenye pikipiki. Vizuizi viwe na njia ya kupitisha wagonjwa inayojulikana na kila askari wa zamu. Na benki za damu ziwe na wachangiaji watu wazima wanaofikika kupitia misikiti, makanisa, masoko na vyama vya bodaboda, ili shule zikifungwa magari ya kukusanya damu yawe na pa kwenda.